Niliuza Vitabu vya Marehemu Mzee kwa 15,000, Kimoja Nikakikuta Sebuleni kwa Staa

Leo sina ubuyu wa nani kamwacha nani. Staa yumo humu ndani, tena mkubwa tu, ila jina kapuni, na msije inboksi kuniuliza maana sitamtaja hata mkinirushia bando la mwezi mzima. Mkifika chini mtaelewa kwa nini. Hii ni stori yangu mwenyewe na nimekaa nayo kifuani tangu 2011.

Iko hivi. Miezi minne baada ya kumzika mzee wangu, niliuza boksi la vitabu vyake kwa shilingi 15,000. Nilikuwa na miaka 19, akili sifuri. Kulikuwa na shoo kubwa mjini, washkaji wote wanaenda, mimi sina hata nauli ya kwenda na kurudi. Nikalibeba boksi kutoka Temeke, nikapanda nalo daladala, konda akanichaji siti mbili. Nikashuka Posta, nikatembea nalo mpaka Samora kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini, sio mbali na sanamu ya Askari.

Mzee mmoja muuza vitabu akavihesabu mbele yangu kimoja kimoja. 23. Akanipa noti ya elfu kumi na noti ya elfu tano. Nikaenda kwenye shoo. Ukiniuliza leo nani alifunga shoo ile, sikumbuki.

Kesho yake mama akauliza boksi la baba yako liko wapi. Nikamwambia mchwa walishaingia, nimetupa. Akaniangalia. Akasema, "Haya." Akaendelea kuchagua mchele.

Vitabu gani hivyo?

Sasa msidhani ni vitabu vya dini au vya shule. Mzee alikuwa karani bandarini. Enzi hizo meli ikitia nanga, mabaharia wanashuka na vitabu walivyokwishasoma njiani, na yeye alikuwa mtu wa kuelewana na kila mtu. Anawatafutia machungwa, anawaelekeza pa kununua vinyago, wao wanamwachia kitabu. Kuanzia 1973 mpaka 1984 alikusanya vya aina moja tu: vile vya Ballantine vya vita vya dunia.

Kama hujawahi kuviona nikuelezee. Ballantine ni kampuni ya vitabu ya New York, ilianzishwa 1952 na mtu na mkewe, Ian na Betty Ballantine. Mwaka 1968 wakaanza kutoa mfululizo ulioitwa Ballantine's Illustrated History of World War II. Kava ya karatasi, kurasa 160, na bei yake kule Marekani wakati wanaanza ilikuwa dola moja. Yaani dola moja unapata vita nzima na picha zake, karibu kila unapofungua kuna picha. Vifaru, manowari, ndege, majenerali wameshika viuno, ramani zenye mishale. Mhariri mkuu alikuwa Mwingereza anaitwa Barrie Pitt, na vilipangwa kwa makundi yenye namba: vya mapigano, vya kampeni, vya silaha, vya makamanda. Miaka ya 1970 wakabadilisha jina la mfululizo kuwa Violent Century, wakaanza kuingiza na vita vingine.

Na msidharau bei. Walioandika hawakuwa wababaishaji. John Keegan, ambaye baadaye alikuja kuwa jina kubwa sana kwenye historia ya vita, aliandika humu kabla hajajulikana, akiwa bado mwalimu kwenye chuo cha kijeshi cha Sandhurst. Chake cha Barbarossa kinahusu Wajerumani kuivamia Urusi mwaka 1941, na cha Opening Moves kinahusu Agosti 1914, vita ya kwanza inavyoanza. Kenneth Macksey aliyeandika Afrika Korps alikuwa mwanajeshi wa vifaru mwenyewe.

Halafu hicho cha Afrika Korps. Nikiwa mdogo niliona jina kwenye kava nikajua hawa sasa ndio jeshi letu Waafrika. Nikamuuliza mzee, "Baba, hawa wa kwetu walishinda?" Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe ni Wajerumani wa Rommel kule Libya na Misri, Mwafrika humo unamtafuta kwa tochi.

Mzee alikuwa anasoma usiku, kavaa msuli, amekaa kwenye kiti chake cha waya, penseli nyuma ya sikio. Sisi tulikuwa tunajua kelele hairuhusiwi. Nilikuwa naona ni mzee tu na vitabu vyake vya Wazungu wanauana. Sikuwahi kuuliza ile penseli ni ya nini.

Penseli

Mwaka 2014 nilikuwa nafanya kazi ya mauzo mjini, natembea na begi kutwa. Siku moja saa ya chakula cha mchana nakatiza Samora, nikaona chini pale utepe wa bluu.

Hapa lazima niwaelezee utepe. Hivi vitabu vimebandikwa kwa gundi tu mgongoni, havikushonwa. Gundi ikizeeka inakauka, ukifungua kitabu kinakohoa kurasa. Mzee alikuwa na dawa yake: utepe wa mafundi umeme, ule wa bluu, anaupitisha mgongoni kuanzia juu mpaka chini halafu anakata dirisha dogo kwa wembe ili jina la kitabu lionekane. Vitabu vyote 23 vilivaa hivyo. Sijawahi kuona mtu mwingine duniani anafanya ule ujinga.

Nikachuchumaa. Kilikuwa Afrika Korps. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikakuta herufi mbili za jina lake, tarehe ya 1975, na "Na. 6". Muuzaji alikuwa kijana tu, hanijui simjui. Bei? Elfu sita. Karibu nusu ya pesa niliyopewa kwa boksi zima. Nikalipa bila kubishana, na nyie mnajua mimi nabishana hata bei ya karanga.

Ndipo nikaanza kukifungua. Kuna picha ya gari la jeshi limezama kwenye mchanga mpaka mlangoni, wanajeshi wanasukuma. Chini yake, kwa penseli, mwandiko wa mzee: "Hata forklifti ya geti namba tano ilizama hivi." Mbele kidogo kuna picha ya wanajeshi wanakula chakula cha kopo. "Hawa wana njaa, si kama maneno ya kitabu." Mbele tena, kwenye ramani, amechora mshale wake mwenyewe na kuandika, "Kwa nini hakupita huku?"

Wadau, mzee alikuwa anaongea na vitabu. Mimi niliishi naye nyumba moja miaka 19, tukiongea labda ni "umekula?" na "zima taa". Kumbe maongezi yote alikuwa anayaweka humo. Na mimi ndiye niliyeyauza, kwa wastani wa shilingi 650 kila kitabu.

Nilikaa pale chini mpaka muda wa kurudi kazini ukapita.

Kuvisaka

Toka siku ile nikawa mtu wa kusaka. Jumamosi Samora, Jumapili Kariakoo. (Kariakoo yenyewe jina limetokana na vita ya kwanza, ilikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza, Carrier Corps. Na ile sanamu ya Askari iliwekwa 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita hiyohiyo. Niliuza vitabu vya vita mbele ya macho yake, na singe yake imeelekea bandarini kazini kwa mzee. Ningekuwa yeye ningeshuka nimchape mtu.)

Nilimrudia yule mzee aliyenunua boksi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Nikamweleza. Hakushangaa hata kidogo. Akasema, "Mwanangu, kila mwezi anakuja mtoto wa marehemu na boksi. Wachache ndio wanarudi." Akanitajia wateja wake wa vitabu vya Kiingereza vyenye picha: mwalimu mmoja mstaafu, daktari mmoja, mwenye saluni mmoja anaweka vya wateja kusoma, na wapambaji wa nyumba.

Mwalimu alikuwa navyo vitano. Alinirudishia vyote, hakutaka hata mia, ila alinikalisha masaa matatu kunieleza Stalingrad. Saluni nilipata viwili, kimoja kimetobolewa na pasi ya nywele. Daktari alinigomea miaka miwili, halafu siku moja akanipigia mwenyewe. Vingine nilivipata kimoja kimoja, Morogoro, Tanga, kingine kwenye boksi la vitabu vya Kiislamu kule Ilala, sijui kilifikaje.

Mtu akaniambia, kaka si uagize tu mtandaoni? Ni kweli. Ulaya na Marekani kuna watu wazima wanakusanya huu mfululizo namba kwa namba, toleo kwa toleo, wanauziana kila siku, na vingi hata sio ghali. Ila wao wanataka kitabu hichohicho. Mimi nataka chenyewe. Nakusanya nakala 23 tu duniani, na kila moja ipo moja.

Kwa wale mnaotaka kuanza kukusanya vya zamani, nimejifunza kwa maumivu, chukueni bure:

Usiweke selotepu ya kawaida kwenye ukurasa uliochanika. Baada ya miaka michache inakuwa ya njano, inaacha gundi na kula karatasi. Hata utepe wa mzee kitaalamu ni kosa, ila huo siugusi.

Usikifungue kikalala chali. Fungua nusu, kama unachungulia. Gundi ya miaka 50 haina samahani.

Dar ina unyevu. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya usitupe, weka kabatini nyuma ya vitabu. Na kabati lisigusane na ukuta.

Karatasi kuwa ya njano huwezi kuzuia, ni karatasi ya bei rahisi na ina asidi ndani yake. Unaweza tu kuichelewesha, kwa kuiweka mbali na jua.

Na kabla hujanunua, angalia kama kuna mwandiko. Wakusanyaji wengi wanasema mwandiko unashusha bei. Waacheni waseme.

Mpaka mwaka juzi nilikuwa navyo 17.

Staa

Sasa tufike kwenye mlichokuja kukisoma.

Kuna dada mmoja hapa mjini, mnamjua, mnampenda, wengine mnamsema. Pamoja na kazi yake iliyomtoa, siku hizi anauza chai ya kupunguza tumbo. Anakaa sebuleni kwake, nyuma yake kuna kabati zuri la vitabu lina taa, anaongea na kamera. Siku hiyo niko kitandani naperuzi tu, nikaona nyuma ya sikio lake la kushoto kitu cha bluu.

Nikarudisha video. Nikapiga skrinishoti. Nikavuta. Utepe wa umeme, dirisha la wembe, na kwenye dirisha herufi nne: SLIM.

Kwenye komenti watu walishakiona. "Dada tuambie na hicho kitabu cha Slim kinauzwa wapi." "Naomba na mimi hicho cha kupungua." Watu 40 wameweka moto. Mimi pale kitandani mikono inatetemeka, maana Slim sio kupungua. Slim ni jenerali wa Kiingereza, William Slim, aliyeongoza Jeshi la 14 kule Burma dhidi ya Wajapani. Kitabu kiliandikwa na Michael Calvert, ambaye na yeye alipigana Burma, kikatoka 1973 kwenye kundi la makamanda. Na Burma ndiko alikokwenda babu yangu mzaa baba.

Babu alikuwa Keya. Alichukuliwa kutoka Songea akiwa kijana, akaenda mpaka Burma, akarudi. Hilo ndilo tulilokuwa tunalijua, na jingine moja: alikuwa anasimulia kwamba walikuwa wanakunywa dawa ya malaria mpaka viganja vinakuwa vya njano kama embe. Basi.

Nikamfuata yule dada inboksi. Wiki nzima kimya. Nani atajibu "samahani dada, kitabu kilicho nyuma yako ni cha baba yangu"? Hata mimi ningejua ni tapeli. Nikapata akili: nikapiga picha vitabu vyangu 17 vimesimama na utepe wao wa bluu, nikatuma bila neno. Baada ya dakika kumi likaja jibu: "Eh. Njoo Jumamosi."

Nikaenda. Mlinzi, mbwa, viatu nje, kijana wake wa kamera amekaa kwenye kochi. Dada mwenyewe hana makeup, kajifunga kitenge, mkarimu kuliko mnavyomwandika. Akaniambia ukweli: hajawahi kukifungua hata kimoja. Aliyempambia sebule alinunua vitabu kwa boksi akipanga kwa rangi, upande wa bluu, upande wa kahawia. Cha Slim alikisogeza mwenyewe karibu na kamera kwa sababu ya jina.

Akakitoa, akafungua katikati, akakutana na mzee wa Kizungu kavaa kofia ya jeshi. Akacheka kwa nguvu. "Ndiye huyu? Sasa huyu atampunguza nani?" Sote tukacheka. Akageuza kurasa, akafika kwenye ramani, akasimama.

"Kaka, hapa kumeandikwa Kiswahili."

Akasoma kwa sauti. Kwenye ramani ya Burma, kando ya mto Chindwin, penseli imezungushia mji wa Kalewa. Pembeni mzee ameandika: "Baba alisema walivuka hapa, kuna daraja. La mbao au la chuma? Nikipata likizo niende Songea nimuulize."

Hakuna aliyesema kitu. Yule kijana wa kamera, kazi ni kazi, nikaona ananyanyua simu taratibu kuturekodi. Dada hakugeuka hata kumwangalia. Akasema, "Weka chini hiyo." Akaniuliza, "Huu ni mwandiko wa baba yako?" Nikasema ndiyo. Akapitisha kidole juu ya yale maneno, hakuyagusa. "Wa kwangu mimi sina hata sahihi yake."

Akakifunga, akanipa. Nikauliza nimlipe shilingi ngapi, akakataa. Mlangoni akanirudisha: "Kaka, ila pale pamebaki pengo, niletee kingine chembamba cha bluu." Nikampelekea nakala yangu ya ziada wiki iliyofuata. Siwatajii ipi, nawajua nyie, mtaanza kuzumu video za watu. Na akaniomba asionekane kwenye hii stori. Angeweza kuipost na kupata likes za mwaka mzima. Hakuipost. Kwa hiyo na mimi jina kapuni.

Mama

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko staa. Nilienda Temeke jioni ile ile. Mama alikuwa jikoni. Nikaweka kitabu mezani, utepe juu. Nikamwambia, mama, mwaka ule nilikudanganya. Hakukuwa na mchwa.

Akanawa mikono, akajifuta na kanga, akakaa.

"Nilijua," akasema. "Mchwa hawali mpaka boksi."

Miaka yote hiyo. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema ungekuwa mwizi. Nikanyamaza, nikangoja uone mwenyewe." Halafu akavaa miwani, nikamwonyesha ile ramani. Alisoma mara mbili. Akaangalia tarehe kwenye ukurasa wa kwanza: 1984, Na. 23.

Akanisimulia ambacho sikuwahi kukijua. Mwaka ule mafuta yalikuwa shida, mabasi ya shida, Songea ni safari ya kujipanga. Mzee aliomba likizo, akawa anasubiri. Akanunua na betri za redio za kumpelekea babu. Likizo ilipotoka, simu ya upepo ikawa imeshafika kwanza. Alikwenda Songea kuzika. Zile betri alirudi nazo.

"Baada ya hapo hakuleta tena kitabu nyumbani," mama akasema. "Nilidhani amechoka kusoma."

Ndiyo maana vinaishia 23.

La chuma

Nilichukua ule mzigo wa mzee kama wangu. Ni swali moja tu, na leo mtu una simu na maktaba. Miezi mitatu nilisoma kila nilichopata.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ikiwa na batalioni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilipelekwa Ceylon kwanza, halafu 1944 ikaingia Burma. Hata bahari haikuwa salama: Februari mwaka huo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliofika wakapewa bonde la Kabaw, katikati ya mvua za kule, matope, malaria na homa ya utitiri. Ndege ziliwadondoshea chakula kwa sababu barabara ilikuwa tope. Wakashuka na lile bonde wakipigana mpaka Kalewa, wakafika mwanzoni mwa Desemba 1944.

Wa kwanza kabisa walivuka mto kwa maboti. Halafu mainjinia wakafunga daraja linaloelea, aina ya Bailey, vipande vinavyounganishwa, futi 1,154, kama mita 350. Wakati huo lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo duniani. Kwa mtu wa Dar, ni kama nusu ya daraja la Kigamboni, juu ya maji, wakati wa vita.

Na lilikuwa la chuma.

Nilinunua penseli. Nilikaa kwenye kile kiti cha waya, bado kipo, nikafungua kitabu nusu kama inavyotakiwa. Chini ya swali la mzee nikaandika, kwa mwandiko mbaya kuliko wake: "La chuma, mzee. Kama babu alivuka siku za mwanzo kabisa, basi kwa boti. Lakini kama alisema daraja, ni la chuma." Nikaweka tarehe.

Mama akauliza nimeandika nini. Nikamsomea. Akasema, "Haya." Safari hii alikuwa anacheka.

Nimebakiza vitano. Vina utepe wa umeme wa bluu mgongoni, dirisha la wembe, na namba kwenye ukurasa wa kwanza: 3, 9, 11, 15 na 20. Kama kipo kwako, kwenye saluni yenu, au nyuma ya mtu kwenye video, tupia komenti hapo chini. Sitakuuliza ulikipataje, mimi ndiye niliyekiuza.

Na kama kwenu kuna boksi la mzee na kuna shoo wikiendi hii, kabla hujapanda daladala, fungua ukurasa wowote kwanza.